Mdogo wangu, kabla hujaingia fraterniti au sororiti huko chuoni Marekani

Kila mwezi wa nane napata meseji za wadogo zangu waliotua toka Dar au Nairobi, na waliokulia hukuhuku Marekani kwa wazazi Wakongo, wananiuliza wajiunge na hizi nyumba za herufi za Kigiriki, yaani vyama vya wanafunzi, fraterniti za wavulana na sororiti za wasichana, au waache. Nawaambia kaikague nyumba yenyewe kwanza, mambo ya kama wanakutaka yatafuata.

Historia yao ijue. Fraterniti na sororiti nyingi kubwa zilianzishwa na wazungu kwa ajili ya wazungu, na baadhi zilikuwa na sheria za kukataa weusi zilizoandikwa kabisa kwenye katiba zao. Sheria zilifutwa ila mazoea yakabaki, University of Alabama mpaka 2013 ndo gazeti la wanafunzi linaandika kwamba wasichana weusi wanakatwa kwenye sororiti za wazungu, na wanachama wengine walitaka kuwapokea ila wakubwa waliomaliza zamani ndo wakaziba. 2015 ikaja ile video ya University of Oklahoma, vijana wa fraterniti ya Sigma Alpha Epsilon ndani ya basi wanaimba kwamba mweusi hataingia kwao kamwe, tawi likafungwa fasta na wawili wakafukuzwa chuo.

Sasa ukaguzi. Usidanganyike na picha ya mweusi mmoja anayecheka kwenye tovuti yao. Ingia Instagram ya tawi, shuka mpaka picha za Oktoba za miaka mitatu minne nyuma, angalia kwenye Halloween walivaa nini, na waliotagiwa waliandika nini chini. Kisha siku ya kutembelea waulize wazi: wanachama weusi waliojiunga miaka ya karibuni bado wapo? Walioondoka waliondoka kwa nini? Watafute hata hao walioondoka uongee nao, maana wao hawana cha kukuuzia.

Mimi sikuuliza. Nilialikwa dina kwenye nyumba moja, jina langu likawashinda dakika ya kwanza wakanibatiza Simba, nikacheka. Wiki mbili baadae pati ya "safari", watu wamejipaka masizi usoni na vitambaa vya chui kiunoni, wananiita nipige nao picha katikati. Nilipiga. Hiyo picha mpaka leo inaniuma, na kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa natabasamu.

Kwa hiyo mtu akikutania kwa rangi, lafudhi au jina, usicheke ili kumpa raha. Muulize taratibu "unamaanisha nini?" halafu nyamaza kabisa, mwache ajieleze mbele ya wenzake. Jina lako lirudie mara tatu nne, atalijua tu, mbona majina ya wachezaji wa Kipolandi wanayajua. Ikizidi andika tarehe, nani alikuwepo, piga skrinishoti kabla hazijafutwa, peleka ofisi ya chuo inayosimamia fraterniti na pia ofisi ya malalamiko ya ubaguzi. Chuo kinachopokea hela za serikali kuu kinabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964.

Jua pia kuna nyumba tisa za watu weusi, wanaziita Divine Nine. Alpha Phi Alpha ilianza Cornell 1906 na wanafunzi saba, sororiti ya Alpha Kappa Alpha (AKA) ikaanza Howard 1908, Delta Sigma Theta hapohapo 1913, na nyingine. Huko uanachama ni wa maisha, watu wana miaka sitini na bado wanahudhuria vikao. Nenda kwa heshima: usiige miito yao wala ishara za mikono kama hujaapishwa, na usidhani ngozi tu inatosha, historia yao na ya kwetu ni mbili tofauti, kaa usikilize.

Na popote pale, ukiamriwa unywe, upigwe, au ukeshe kama njuka bwenini, toka. Chini ya miaka 21 pombe ni kosa, na wewe mwenye viza kesi ya polisi inakukalia vibaya kuliko mwenzio.

Kwa wasichana, ile fomu ya siku ya mwisho unayopanga sororiti unazozitaka isome vizuri kabla ya kusaini. Ukiiandika nyumba humo, ikakupa nafasi, halafu ukakataa, sororiti zote za umoja wao, National Panhellenic Conference, hapo chuoni huziingii mpaka usajili mkuu wa mwaka unaofuata. Kama roho inasita, hiyo nyumba usiiandike kabisa.