Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumleta Pitibuli Nyumbani Mtwara

Watu wengi wanaotaka kufuga pitibuli huwa wameshamhukumu kabla hawajamwona. Wapo wanaomtaka kwa sababu wamesikia kuwa ni mbwa muuaji, nao hudhani kuwa jina lake peke yake litawafukuza wezi. Na wapo wanaoamini kuwa ni mbwa mpole aliyesingiziwa, ambaye akipendwa vya kutosha hawezi kumdhuru mtu. Imani zote mbili humharibia mbwa maisha, kwa kuwa wale wa kwanza humfunga mnyororo mchana kutwa ili azidi kuwa mkali, na wale wa pili humwacha na watoto wadogo bila mtu mzima wa kuwaangalia. Anayeishi Shangani, Magomeni au kwingineko mjini Mtwara, ambako nyumba zimekaribiana na watoto hupita uani kwa watu, anahitaji kujua zaidi ya sifa hizo.

Pitibuli alianzia Uingereza, ambako buldogi, aliyetumiwa kupambanishwa na fahali, alichanganywa na teria, mwindaji wa panya na wanyama wa mashimoni. Mwaka 1835 sheria ya Uingereza ilipiga marufuku mchezo wa kupambanisha mbwa na fahali, na waliouzoea wakahamia kwenye mapigano ya mbwa kwa mbwa, ambayo yalikuwa rahisi kufichwa. Mbwa hao walivuka bahari pamoja na wahamiaji hadi Marekani, na mwaka 1898 chama cha United Kennel Club kikawasajili kuwa aina inayojitegemea. Historia hiyo imeacha alama mbili ambazo mfugaji hana budi kuzikubali: mbwa huyu haachi upesi jambo aliloling'ang'ania, na wengi wao hugombana kwa urahisi na mbwa wenzao. Kuhusu binadamu hali ni tofauti, kwa sababu mwenye mbwa alilazimika kuingiza mikono kuwatenganisha wakiwa katikati ya mapigano, hivyo mbwa aliyemgeukia mtu hakutakiwa.

Hata hivyo, asili haimwelezi mbwa mmoja mmoja. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science ulionyesha kuwa aina ya mbwa hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia baina ya mbwa na mbwa. Sehemu kubwa iliyobaki haisomeki kwenye jina la aina yake. Vilevile si kweli kwamba taya zake hujifunga kama kufuli, kwani kinywa chake kimeumbwa kama cha mbwa wengine. Lililo kweli ni kwamba ana nguvu nyingi kwa umbo lake, na kwamba kosa lake moja huleta jeraha kubwa kuliko kosa la mbwa wetu wa kienyeji. Kwa sababu hiyo maandalizi yake lazima yawe makubwa zaidi, hata kama mbwa mwenyewe ni mtulivu.

Anayeuziwa mtoto wa pitibuli na aombe kumwona mama wa mbwa huyo, na baba pia ikiwezekana, akiangalia wanavyompokea mgeni. Dume halisi huwa na uzito wa kilo 16 hadi 27 hivi. Yule mwenye kilo 50 anayeuzwa kwa jina hilohilo kwa kawaida ni mchanganyiko au ni aina nyingine. Muuzaji anayesifia ukali wa mbwa wake anaeleza kasoro akidhani ni sifa. Mtoto asichukuliwe kabla ya kutimiza wiki 8, na kwa kuwa muda wa kuzoea dunia huanza kufungika anapokaribia wiki 14, wiki chache zinazofuata ndizo za kumwonyesha kwa upole bodaboda, watoto, kanzu, mabaibui, kuku na watu waliobeba mizigo kichwani. Na kama shabaha ni ulinzi tu, nasema kwa moyo mweupe kwamba mbwa wa kienyeji anayebweka usiku anatosha.

Uzio ndio unaowashinda wengi. Makuti, mabua na michongoma humzuia kuku, lakini pitibuli huchimba, huruka na hutafuna, kwa hiyo ukuta wa tofali au waya imara wa kimo cha futi sita, pamoja na geti linalojifunga lenyewe, vinatakiwa viwepo kabla yake. Ndani ya uzio pawe na banda lenye kivuli, maji na hewa, maana joto la pwani yetu, hasa kuelekea mwisho wa mwaka, ni la kumchosha mnyama. Mnyororo haufai kuwa makazi, kwani mbwa aliyefungwa muda mrefu hawezi kukimbia anachokiogopa, na njia inayombakia ni kuuma.

Kuna jambo ambalo maelezo mengi kuhusu mbwa hayaligusi, nalo ni majirani. Waislamu wengi wa Mtwara na Lindi hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mafundisho hayohayo yameruhusu mbwa wa kulinda na wa kuwinda, hivyo mazungumzo yanawezekana, ila ni lazima yafanyike mapema. Mfugaji awaendee majirani kabla ya kumleta mbwa, awaeleze atakaa wapi na atatolewa saa ngapi, na ahakikishe kuwa mbwa hafiki bombani, kwenye kamba ya nguo wala kwenye njia ya watoto wanaokwenda madrasa. Anayepiga hodi asiitikiwe karibu mpaka mbwa awe amefungiwa. Mimi naliona hili kuwa haki ya jirani, wala si hisani anayofanyiwa.

Kwa upande wa afya, kichaa cha mbwa kitangulie. Kuanzia mwaka 2010 mikoa ya Lindi na Mtwara ilikuwa ndani ya mradi wa kuchanja mbwa kwa wingi uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani, kwa sababu ugonjwa hukatika katika jamii pale angalau asilimia 70 ya mbwa wanapochanjwa. Mbwa mpya achanjwe afikapo miezi mitatu, arudiwe kila mwaka kwa ratiba ya daktari wa mifugo, na kadi yake itunzwe. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali bila kungoja kuona kama mbwa ataugua, kwa maana dalili zikishajitokeza kwa binadamu karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa naye afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Chanjo ya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, na dawa ya kupe ziingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Matembezi yafanyike alfajiri, kwa mkanda mfupi ulioshikwa na mtu mzima, mbali na feri na masoko ambako mbwa koko hukusanyika. Kuhasi hupunguza uzururaji na uzazi usiotarajiwa, lakini hakufuti mafunzo mabovu.

Msimu wa korosho unapoanza, kwenye mwezi Oktoba, wenye mashamba Tandahimba, Newala na Masasi huondoka mjini kwa majuma kadhaa, na mbwa hubaki na kijana wa kazi ambaye hajawahi kumshika. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze ipasavyo, na safari haimwondolei wajibu huo. Kwa hiyo apatikane mtu mzima wa pili, ambaye tangu mwezi wa kwanza atamlisha mbwa, kumtembeza na kumfungia bandani huku mwenyewe akiwapo. Mtu huyo asipopatikana, ni heri kusubiri uzao mwingine baada ya korosho kuuzwa.