Somo: Jinsi polisi wanavyopima taarifa za kiintelijensia (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila mara naulizwa kama simu ya mtu anayemtaja mhalifu ni ushahidi tayari. Hapana. Ni taarifa ghafi, na lazima ipimwe. Natumia mfumo wa polisi wa Uingereza, 3x5x2 (alama 3 za chanzo, 5 za taarifa, 2 za kushirikisha), uliochukua nafasi ya mfumo wa zamani wa 5x5x5.

1. Andika nani, nini, wapi, lini. Usichanganye na maoni yako.

2. Pima chanzo: 1 anaaminika, 2 hajajaribiwa, 3 haaminiki.

3. Pima taarifa yenyewe, kando na chanzo. A: chanzo ameona au kusikia mwenyewe. B: amesimuliwa, ila imethibitishwa kwingine. C: amesimuliwa tu. D: haijulikani alijuaje. E: inashukiwa kuwa ya uongo.

Hapa ndipo kazi inapoharibika. Msiri, yaani mtoa taarifa wa siri, anasema bunduki imefichwa kwenye gari jeupe. Kesho yake msiri mwingine anasema hivyo hivyo, na mchambuzi anaandika B. Kumbe wote wawili wamesimuliwa na dereva mmoja! Huo si uthibitisho, inabaki C. Kabla ya kuandika B, muulize kila mmoja amejuaje na nani alimwambia. Wakikosea namba ya gari kwa namna ile ile, yaelekea chimbuko lao ni moja. Onyo: usimdokezee mmoja alichosema mwenzake, maana atakurudishia maneno yako. Onyo la pili: chanzo mwenye alama 1 anaweza kuleta uvumi, na wa 3 anaweza kuwa ameshuhudia kweli. Alama moja isiivute nyingine.

4. Weka alama ya kushirikisha, yaani kama wengine wanaweza kupewa taarifa: P inaruhusiwa, C kwa masharti. Andika masharti yenyewe.

5. Ondoa kila kinachoweza kumfichua mtoa taarifa, si jina tu. Kama maneno yalisemwa mbele ya watu watatu, kuyanukuu yalivyo ni kumtaja. Mtu anaweza kuuawa kwa sentensi moja.

6. Pitia upya kila baada ya muda. Isiyo na sababu ya kutunzwa ifutwe.

MASWALI

– Kwa hiyo 1A inatosha kumfunga mtu?
Rudia mistari ya mwanzo. Inaongoza upelelezi, kinachomfunga mtu ni ushahidi mahakamani.

– Mkuu, kwa nini E isitupwe tu?
Swali zuri sana. Uongo nao una mwenyewe. Nani anausambaza, na anamlenga nani? Pia ukirudi kupitia mdomo mwingine utautambua, hutaupokea kama habari mpya.

– Jeshini nimesikia A1. Ni hii hii?
Hapana. Mfumo wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, unapima chanzo kwa herufi A hadi F na taarifa kwa namba 1 hadi 6. Ukipokea ripoti, uliza kwanza imepimwa kwa mfumo gani.

– Fupisha basi, ni ndefu.
Hatua ya 3. Isome yote.

– Naongezea: saa ya tukio na saa ya kupokea taarifa ziandikwe mbalimbali.
Asante, ndugu. Na saa ya kuripoti kwa mchambuzi pia, kwa sababu taarifa ya mkutano wa jana ikifika leo jioni haina tena wa kumfuatilia.