Umeachishwa kazi? Jifunze kutunza hesabu kwa Excel, ukianza na daftari la duka la jirani

Mtu aliyeachishwa kazi au aliyefunga biashara huwa na haraka. Haraka hiyo humfanya ajiandikishe kozi tano za mtandaoni kwa wiki moja, na baada ya mwezi bando limekwisha na hakuna hata moja aliyoimaliza. Shika ujuzi mmoja ambao mtu unayeweza kumfikia kwa miguu yuko tayari kuulipia. Hapa tunashika utunzaji wa hesabu za biashara ndogo kwa Excel au Google Sheets, programu za majedwali ya hesabu. Wateja wako mtaani: duka la dawa, saluni, stoo ya vifaa vya ujenzi, kikundi cha kuweka na kukopa. Wengi bado wanaandika kwenye daftari, na mwisho wa mwezi hawajui faida imeishia wapi.

Wiki mbili za mwanzo simu inatosha, kwani Google Sheets ni ya bure. Baada ya hapo utahitaji kompyuta. Ukinunua laptop iliyotumika, chukua yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) isiyopungua GB 4 (GB 8 ni bora zaidi) na diski ya SSD, aina iliyo ya kasi. Kabla hujatoa fedha, chomoa chaja, iache iwake dakika 20 uone betri inashuka kwa kasi gani, kisha bonyeza kila herufi ya kibodi. Fedha ikiwa haipo, nenda intaneti kafe saa mbili mara tatu kwa wiki. Hifadhi kazi zako Google Drive, na utoke kwenye akaunti kabla hujainuka kitini.

Kinachomaliza bando ni video. Ukiishusha ubora hadi 144p utaokoa data, lakini namba ndani ya seli, yaani vyumba vidogo vya jedwali, hazitasomeka, kwa hiyo tumia 480p na upakue ukiwa kwenye Wi-Fi. Masomo ya maandishi na picha ya tovuti ya GCFGlobal ni ya bure na hayali data nyingi. Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, ina fomu ya kuomba msaada wa ada, na majibu huchukua kama wiki mbili. Usikae bure ukiyasubiri. Mengi ya masomo haya ni ya Kiingereza, lakini maneno ya kwenye menyu ni machache na yanajirudia, utayazoea.

Tenga saa moja na nusu kwa siku: nusu saa ya kutazama, saa nzima ya kufanya kwa mikono yako. Funga video, rudia zoezi bila kuchungulia. Ukikwama, hapo ndipo penye somo lako la siku.

Wiki ya kwanza na ya pili, tengeneza jedwali moja tu lenye safu saba, kuanzia A hadi G: Tarehe, Maelezo, Aina, Njia ya malipo, Kuingia, Kutoka, Salio. Mstari wa pili, kwenye G2, andika salio la kuanzia. G3 iandike =G2+E3-F3, kisha uburute hadi chini. Wiki ya tatu hadi ya tano ni SUM (kujumlisha), SUMIF (kujumlisha vya aina moja tu), IF (kuweka sharti), kupanga na kuchuja. Ya sita hadi ya nane ni VLOOKUP (kutafuta kitu kwenye orodha, kama bei ya bidhaa) na majedwali ya pivot (muhtasari wa data nyingi). Wiki ya tisa hadi ya kumi na mbili, ingiza daftari halisi la mwezi mzima.

Sasa makosa, maana hapa ndipo watu hukata tamaa bila sababu. Ukiandika 45,000/= ndani ya seli, kompyuta inaisoma kama maneno, na SUM itairuka kimyakimya. Jumla itatoka, ila itakuwa pungufu. Andika 45000 tu, alama ya fedha iweke kwenye mpangilio wa seli. Kukagua, andika =COUNTA(E3:E200)-COUNT(E3:E200); jibu likiwa si 0, kuna seli yenye maneno mahali pa namba. Tarehe nazo: 03/04 inaweza kusomwa kama Machi 4, mtindo wa Marekani, basi badilisha nchi kwenye mipangilio ya faili (Google Sheets) au ya kompyuta yenyewe (Excel) kabla ya kuanza kuingiza. Kwenye safu ya Aina, weka orodha ya kuchagua badala ya kuandika kila mara, kwa sababu ukiandika “Umeme” leo na “LUKU” (umeme wa kulipia kabla) kesho, SUMIF itahesabu moja na kuacha nyingine. VLOOKUP lazima iishie na FALSE. Ukisahau, inaweza kukuletea bei ya bidhaa nyingine bila kuonyesha kosa lolote.

Salio la kwenye jedwali lisipolingana na fedha iliyoko droo, angalia kwanza vitu viwili: makato ya kutuma na kutoa fedha kwa simu, ambayo watu hawayaandiki, na fedha aliyochukua mwenye duka kwa matumizi ya nyumbani. Ya pili ipe aina yake, “Matumizi ya mwenyewe”. Mara nyingi faida iliyopotea utaikuta hapo.

Mteja wa kwanza mwendee kwa ombi dogo: “Shikamoo mama. Naomba daftari la mwezi uliopita, nikurudishie ukurasa mmoja unaoonyesha mauzo, matumizi na madeni.” Kazi hiyo ifanye bure, mwezi mmoja tu. Akiupenda ukurasa, mpatane bei ya kila mwezi na muiandike. Ukitaka kumwonyesha mteja mwingine mfano wa kazi yako, futa kwanza jina la duka na majina ya wadaiwa.

Usijiite mhasibu. Tanzania wahasibu husajiliwa na bodi yao, NBAA, Kenya na taasisi yao, ICPAK, na mambo ya ritani za kodi waachie wao. Wewe hakikisha kumbukumbu ziko tayari, pamoja na risiti za EFD (mashine za kielektroniki za kodi) kwa Tanzania au ankara za eTIMS (mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi) kwa Kenya, zikiwa zimepangwa kwa tarehe.

Ukianza kutafuta wateja wa mbali mtandaoni, anayekudai ada ya usajili ili akupe kazi usimtumie hata shilingi. Na kila Ijumaa jioni, nakili mafaili ya wateja wote kwenye flashi moja inayobaki nyumbani.