GridView inarudisha thamani ya zamani ukibofya Update

Umebadilisha bei kutoka 500 kuwa 650 kwenye GridView (jedwali la data la ukurasani) ya ASP.NET Web Forms, ukabofya Update, na hifadhidata bado inaonyesha 500. Mara nyingi kosa liko kwenye Page_Load, kodi inayoendeshwa kila ukurasa unapopakiwa. Ukiita DataBind() pale bila sharti, jedwali linajazwa upya kutoka hifadhidata kabla RowUpdating (tukio la kubofya Update) haijafika, kwa hiyo kisanduku unachokisoma kimesharudishiwa ile 500. Weka sharti la kujaza pale tu ukurasa unapofunguliwa mara ya kwanza, si unaporudishwa kwa seva baada ya kubofya (IsPostBack); JazaJedwali ni njia yako inayoita DataBind():

if (!IsPostBack) JazaJedwali();

Hilo peke yake humaliza kesi nyingi. Likishindikana, simamisha programu (weka breakpoint) kwenye mstari wa kwanza wa RowUpdating. Isiposimama, hakikisha OnRowUpdating imeandikwa kwenye lebo ya GridView, kisha kagua vihakiki (validators, vinavyokagua kilichojazwa): kisanduku kimoja cha lazima kilichoachwa wazi kwingineko ukurasani kinatosha kuzuia Update. Vipe vihakiki vya kwingineko ValidationGroup (jina la kundi la uhakiki) tofauti na la GridView.

Ikisimama lakini e.NewValues (orodha ya thamani mpya) ni tupu, basi umefunga data kwa DataSource (data unayoipa kwa kodi) badala ya DataSourceID (jina la kidhibiti cha chanzo cha data). Soma thamani mwenyewe:

var bei = ((TextBox)GridView1.Rows[e.RowIndex].FindControl("txtBei")).Text;

Hiyo ni kwa TemplateField, safu ambayo visanduku vyake umeviweka mwenyewe. Kwa BoundField, safu inayojitengenezea kisanduku, tumia Cells[2].Controls[0] ikiwa bei iko safu ya tatu: hesabu huanzia 0, na safu ya vitufe nayo huhesabiwa, jambo ambalo wengi hulisahau. Ufunguo wa rekodi uchukue kwenye DataKeys[e.RowIndex].Value, ukiwa umetaja DataKeyNames (jina la safu ya ufunguo) kwenye lebo ya GridView.

Ukishahifadhi, andika GridView1.EditIndex = -1 (hakuna mstari unaohaririwa) kwanza, ndipo ujaze jedwali. Ukijaza kwanza, mstari utabaki kwenye hali ya kuhariri.