Kupima fenoli za mtama na dona, usimwage mabaki

Jamani wa maabara hapa Tanga, mtama wa Ngamiani msiukoboe, fenoli, zile kemikali za asili za mmea, nyingi ziko kwenye lile ganda la nje, saga mzima mzima upite chekeche laini. Loweka unga kwenye methanoli ya asilimia 80, tikisa, chuja, hapo umepata fenoli zilizo huru tu. Wengi wanaishia hapo na inaniuma kweli, maana kwenye mahindi asidi ya feruliki, nayo ni fenoli, karibu yote imeng'ang'ania kuta za seli, kwa hiyo mabaki yatie kostiki soda yakae hadi iachie, kisha tia asidi, vuta kwa ethili asetati. Mwisho tia Folin-Ciocalteu, dawa inayogeuka bluu ikikutana na fenoli, na sodiamu kaboneti, weka gizani, bluu inapanda taratibu, soma kwenye spektrofotomita (kipima mwanga) kwa 765 nm ukilinganisha na asidi ya galiki, fenoli ya kulinganishia.