Umeme Unapokatika Pasi Ikiwa Mkononi

Umeme ukikatika alfajiri, nawe umenyoosha mkono mmoja tu wa shati la shule, usiseme neno lolote kabla hujataja kwa sauti jambo moja la kumshukuru Mungu papo hapo: mtoto mzima wa afya anayelingoja shati hilo, au pasi ambayo bado ina moto wa kumalizia kola. Shukrani ya jumla haitulizi hasira. Iliyo mahususi huituliza, kwa kuwa humlazimu mtu kutazama kilichopo. Paulo, aliyewaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, aliwasihi wasijisumbue kwa neno lolote, bali waombe pamoja na kushukuru (Wafilipi 4:6). Kero yenyewe mweleze Mungu pia, maana kushukuru si kujifanya hujaudhika. Kisha mvalishe mtoto shati lake jinsi lilivyo.