Paka akianza kukojoa nje ya sanduku lake, usimchape

Paka aliyezoea sanduku lake la mchanga akianza ghafla kukojoa kitandani au kwenye zulia, wengi hudhani ni kisirani. Sivyo. Mara nyingi kuna kinachomsumbua, na kumchapa kunamtia hofu tu. Kesho atakojoa mafichoni ambako hutamwona.

Mwangalie kwanza anavyokojoa. Akichuchumaa muda mrefu, akilia, akijilambalamba sehemu za siri, halafu yakatoka matone mawili matatu au yasitoke kabisa, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Hasa akiwa dume: njia yake ya mkojo ni nyembamba, huziba kwa urahisi, na ikiziba anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Wako wanaodhani amefunga choo, wakahangaika na dawa za kuharisha huku muda unakwenda. Tafadhali usisubiri.

Daktari akisema ni mzima, rudi kwenye sanduku. Zoa uchafu kila siku, liweke mahali tulivu, mbali na chakula chake. Ukiwa na paka wawili, weka masanduku matatu. Wengine hawapendi kabisa kuchangia.

Na pale alipokojoa usipasafishe kwa dawa yenye amonia, maana harufu yake inakaribiana na ya mkojo na itamvuta palepale. Tumia sabuni yenye vimeng'enya (kwenye lebo huandikwa "enzymes"), ndiyo inayovunja kile kinachobaki kunuka.